Shati Jeupe Pe

Mjomba Kiobya aliandika hesabu kwa chaki ya kushonea, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Juu, ada ya miaka minne ya shahada ya uchunguzi wa uhalifu. Chini yake, mshahara wa kuanzia.

"Zawena, ukiuza cherehani yako na ya mama yako, hela hiyo itarudi baada ya miaka kumi na mmoja," alisema. "Tena ukibahatika kupata kazi."

 Zawena alitazama shati la kaka yake lililoning'inia ukutani. Kaka aliuawa njiani, na waliomuua hawajulikani hadi leo. Siku ya tatu ya msiba mama alilifua shati lile lililojaa damu, akalipiga pasi, kama nguo za marehemu zinavyoandaliwa kabla ya kugawiwa ndugu. Askari walipokuja kulitaka liwe ushahidi, lilikuwa jeupe pe. Zawena hulinusa kila asubuhi akiitafuta harufu ya kaka. Hupata ya sabuni.

"Kwani huko wanafundisha nini hasa?" aliuliza mama, akitunga uzi kwenye sindano.

 Miaka mitatu, tangu msiba ule, Zawena alikuwa amelimeza neno hili.

"Wanafundisha nguo ipi isifuliwe, mama."

Uzi ulibaki hewani. Mjomba akajifuta chaki vidoleni.

Kisha mama akainuka, akachukua kitambaa safi, akaanza kuifuta cherehani yake polepole, kila pembe, kama anayemwogesha mtoto anayekwenda ugenini.