Kikuba cha Bi Tatu

Tangu aolewe, kila mumewe Shaali alipomgusa bega, Mwatime aliganda kama gogo. Watu wa mji ule, mabingwa wa kufunika vidonda wakaviita vimepona, wakamtuma Bi Tatu, somo yake aliyemfunda kabla ya harusi, aende akamfunde upya.

Bi Tatu alikuja asubuhi na asumini zake kwenye ukindu, akaketi kitandani, akaanza kumtungia kikuba, shada la maua la kujipambia mke. Shaali alisimama nyuma ya pazia la mlango, akisikiliza.

"Mume hakimbiwi, mwanangu. Au kuna mwanamume mwingine?"

"Yupo."

Sindano ikasimama. "Nani huyo?"

"Kaka yako Sudi. Nilikuwa mtoto, wewe ndiye uliyenituma nimpelekee uji chumbani. Nilirudi ninalia, ukaniambia niache kudeka. Kesho yake ukanituma tena."

Bi Tatu alitazama pazia, akashusha sauti. "Sudi ni marehemu. Marehemu hasemwi."

"Kafa yeye, somo, mkono wake haujafa. Shaali akinigusa, nausikia ule."

"Basi jikaze. Wangapi yamewapata, na wamezaa, na wanacheka?"

"Uliwauliza?"

Bi Tatu alitunga ua jingine, na jingine, kisha akamwekea kikuba mapajani, akajifunga kanga, akatoka bila kuaga.

Shaali akafunua pazia. Alinyoosha mkono kumfuta mkewe machozi, akaurudisha. Akaketi chini kizingitini, asijue mikono yake aiweke wapi, na Mwatime akabaki anaitazama.