Alama Iliyobadilika

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kompyuta ya Mutare ilijitambulisha kwa alama ambayo Chenesai hakuwahi kuiona.

Onyo lilijaa kwenye skrini yake huko Harare: alama ya mashine hii imebadilika, huenda kuna mtu amekaa katikati, anasikiliza. Chenesai aliondoa vidole kwenye kibodi. Nywila alikuwa bado hajaiandika.

"Imegoma?" aliuliza Mai Rufaro kutoka kwenye kiti cha wageni. Begi lake lilikuwa miguuni, halijafunguliwa.

"Imeniuliza swali. Subiri kidogo, mama."

Shirika alilofanyia kazi Chenesai liliwaficha wanawake ambao waume zao waliapa kuwaua. Anwani za maficho zilikaa kwenye kompyuta moja tu, ile ya Mutare, na aliyeziandika ni Chenesai peke yake. Mai Rufaro alikuwa wa kwanza kuandikwa humo. Tangu hapo amehamishwa mara tatu, na mara zote tatu mumewe alimfikia kabla ya wiki kwisha. Baada ya mara ya pili dereva aliyemhamisha alishukiwa, akafukuzwa kazi, ingawa aliapa na kulia.

"Huwa simsikii akija," Mai Rufaro alisema, kama anayezungumza na begi. "Naamka, nakuta viatu vyake mlangoni, vimepangwa sawasawa. Ndipo najua yumo ndani. Mtu mwenyewe kutwa yuko juu ya minara ya simu. Angejuaje nilipo, kama si mzimu wa babake unamshika mkono?"

"Mizimu haivai viatu, mama."

"Ya kwenu, labda."

Chenesai aliamini vitu vinavyopimika. Kila kompyuta ya mbali ina alama yake, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na hakuna mbili zinazofanana. Kompyuta ya Chenesai ilihifadhi alama ya ile ya Mutare tangu siku ya kwanza, mwaka jana, ilipomuuliza kama anaitambua naye akajibu ndiyo. Mashine aliinunua mwenyewe, angeitiliaje shaka? Tangu siku hiyo haikumsumbua tena, hadi leo. Na kanuni ya siku kama ya leo ilikuwa moja: usiingie; mpigie mtu unayeijua sauti yake, akae mbele ya mashine yenyewe, akusomee.

Alimpigia Garikai, karani wa Mutare.

"Shangazi," Garikai aliitika. Hawakuwa na undugu wa damu; wote wawili walikuwa wa ukoo wa Mhofu, na hilo lilitosha. "Leo umenikumbuka. Au ni viazi vya Nyanga unavitaka?"

"Viazi baadaye. Kuna mtu ameigusa kompyuta?"

"Nani aiguse? Jana radi ilipiga, kisanduku cha mtandao kikaungua kama hindi lililosahauliwa motoni. Nimefunga kingine asubuhi hii. Kompyuta yenyewe haina hata mkwaruzo."

Kisanduku kipya, alama mpya. Chenesai alihisi amemkamata mwizi mkono ungali mfukoni.

"Kaa mbele yake unisomee alama yake, polepole. Mimi sikuambii ninachokiona."

Garikai alisoma. Chenesai alifuata kwa ncha ya kalamu, herufi baada ya herufi, mpaka mwisho.

Ilikuwa ile ile iliyokuwa kwenye onyo. Hakuna hata herufi moja iliyopishana.

"Uliipanga upya lini?"

"Sijaipanga upya, shangazi. Alama hii ina tarehe ya siku tuliyoiwasha. Haijawahi kuwa na nyingine."

Chenesai alimsomea ile ya zamani, aliyoiamini mwaka mzima.

"Hiyo si ya hapa," Garikai alisema. "Hiyo ni ya nani?"

Basi aliyekaa katikati alikuwapo tangu siku ya kwanza, na ameondoka jana na radi. Nyuma yake kiti cha wageni kililia. Mai Rufaro alikuwa amesogea karibu na simu.

"Kile kisanduku kilichoungua," Chenesai aliuliza, "nani alikileta?"

"Si yule fundi uliyemtuma wewe, kabla hatujaiwasha kompyuta? Alisema umemtuma, na kwamba ni Mhofu mwenzetu. Nimuulize nini tena? Mtu mpole sana, shangazi. Hata viatu alivua mlangoni, akavipanga."