Gunia la Upande wa Ukutani

Nyumba za mtaa ule walipewa wenye ndoa tu, na ndoa haikuthibitishwa kwa cheti bali kwa chaga za kitanda. Chaga zenyewe zilikuwa za nyuzi za mti zilizoshikwa na plastiki: zikilaliwa siku nyingi hupinda kidogo kidogo, na zikishapinda hazirudi. Kila mwaka mpimaji alikuja kuzisoma, aone kama zimelaliwa na watu wawili.

Mara tu baada ya kipimo cha mwaka jana, Mbaraka alimwacha mkewe Sikudhani bila kuaga. Sikudhani akajaza mchanga kwenye gunia, kilo themanini, uzito wa Mbaraka, akalilaza upande wa ukutani.

Asubuhi ya kipimo alilificha uani. Mpimaji, Bwana Luhende, akainua godoro.

"Mzee yupo?"

"Yuko kazini."

Luhende akapitisha kipimo chake chaga moja moja, kisha akatabasamu. "Mwaka jana niliandika hapa misukosuko, mama. Nyuzi zilikuwa zimekatika kwa vishindo. Safari hii hakuna ufa mpya hata mmoja. Zimepinda taratibu, pande zote mbili. Mtaa mzima sijaona ndoa iliyotulia hivi."

Akagonga muhuri, akaenda zake.

Sikudhani akaliburura gunia hadi mahali pake, akajilaza kando yake apumzike. Punde akajikuta ameligeuzia mgongo, magoti kifuani, mkono umeukinga uso, kama enzi za Mbaraka.