Ndege Anayemfaa

Mkono uliovaa glavu ulijitokeza chini ya pazia, ukasukuma trei iliyojaa kinyesi cha ndege na maganda ya mtama, ukarudi ndani. Trei ikasimama karibu kabisa na kiatu cha mteja, na kiatu chenyewe kilikuwa cheupe pe. Mteja akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nani huyo?" akauliza, kitambaa puani.

"Msafishaji wangu," Mama Kasuku akamjibu, akaiinua trei na kuimwaga kwenye ndoo. Nyuma ya pazia brashi ikaendelea kukwangua.

Huyu Mama Kasuku aliuza kasuku wadogo tu, na watu walimwita mkorofi kwa sababu hakuwa akimuuzia mtu ndege bila kumhoji kwanza. Kasuku akipelekwa kwa mtu asiyemfaa hujing'oa manyoya mpaka abaki uchi, na yeye alikuwa amerudishiwa wengi wa namna hiyo, akachoka. Mteja ajibu maswali, la sivyo mlango ule pale.

Mteja wa leo alikuwa mtanashati wa kupindukia, ananukia mpaka ndege wa tundu la kwanza wakapiga chafya. Alieleza shida yake kwa kifupi. Kuna binti anataka kumwoa. Jumapili wazee wake wanatakiwa wapeleke posa, lakini binti kagoma kusema ndiyo wala hapana. Kamwambia nenda duka fulani, nichagulie ndege mmoja, yule atakayenifaa mimi, na jibu langu utalipata. Mtanashati aliona ni utoto mtupu. Ila ndoa alishaitangaza kazini, akamtangazia na mama yake, na kuumbuka hakutaka.

Mama Kasuku akamtembeza. Hawa wa mkia mrefu huongea chinichini kutwa nzima, wanamtaka mtu msikivu wa kukaa nao karibu. Wale wenye kishungi hupiga mluzi na kupenda kukaa begani, lakini hutoa vumbi jeupe, nyumba ifutwe kila siku. Na wale wanene wa shingo ya rangi ya chungwa wana sauti kali na mdomo wa kung'ata, ila wakikuzoea wamekuzoea.

"Haya, niambie. Huyo binti huamka saa ngapi?"

Hajui. Anapenda kelele au kimya?

"Nitakachopenda mimi atakipenda, mama. Mke huzoeshwa."

Na kazi yake je? Vibarua vidogo vidogo, hakuwahi kuuliza vya nini, ataviacha tu akiolewa. Na wamejuana miaka miwili! Mama Kasuku alishikwa na kinyaa, wala hakikuwa cha trei. Kinyesi alikizoea miaka ishirini iliyopita. Hiki alikuwa hajakizoea.

"Masikio yake?"

"Mazima." Akacheka kidogo. "Ila ana nyodo. Mkitembea barabarani unaweza kumwita mara tatu asigeuke. Hilo nalo nitalinyoosha."

Brashi ikasita, kisha ikaendelea.

Kinyaa, jamani. Kuna watu huoga mara tatu kwa siku na bado hawatakati. Mtanashati akayazunguka matundu akikosoa, huyu rangi imefubaa, yule anakodoa macho, yule kamnyea mwenzake kichwani. Mchagua jembe si mkulima, Mama Kasuku akajisemea moyoni. Mwishowe kidole kikamwangukia mmoja wa mkia mrefu, wa buluu, aliyekaa peke yake mwisho wa kijiti. Huyo huyo. Buluu itaendana na mapazia ya sebuleni, na kwa vile huongea chinichini hatamsumbua akitazama mpira. Tena akatwe mabawa kabisa, asije akaruka ruka na kuchafua makochi.

"Huyo sauti yake ndogo mno," Mama Kasuku akamwambia taratibu. Alikuwa bado anampa nafasi, maskini. "Una hakika atamfaa?"

"Atamfaa. Nifungie."

Mama Kasuku akafungua tundu, akamshika ndege. Trei ya pili ikachomoza chini ya pazia. Safari hii mkono haukuwa na glavu. Ulikuwa mkono mkavu, kucha fupi zenye uchafu, na vidole vimejaa makovu madogo ya midomo ya kasuku. Mtanashati aliutazama wote, kuanzia kucha hadi kifundo, akasonya.

"Unaona hii? Mwanamke mwenye mikono kama hii, mama, mimi hata maji ya kunywa sipokei kwake, sembuse kumwoa. Wangu mikono yake naijua. Laini kama pamba."

Mama Kasuku akamrudisha ndege wa buluu kijitini, akafunga tundu. Kisha akachukua ufunguo na kugonga nyaya za tundu mara mbili, kwa nguvu, kama afanyavyo kila anapomwita msafishaji wake. Brashi ikanyamaza.

Pazia likafunguka. Msafishaji akatoka na aproni yake iliyochafuka, akavua barakoa. Kitambaa kikamponyoka mtanashati kikaangukia kwenye trei. Msafishaji akamsogelea mpaka karibu, akageuza kichwa ili sikio la kulia liwe upande wake.

"Rudia hapo kwenye mikono," akamwambia. "La kushoto halisikii tangu utotoni, na hili jibu lako nataka nikupe nikiwa nimekusikia sawasawa."