Mgonjwa wa Siku Moja

Wiki tatu daktari wa mazoezi ya viungo alimwonyesha bibi namna ya kuinuka kitini. Wiki tatu bibi aliitikia, "Nimeelewa, mwanangu," akabaki pale pale kama gunia la chumvi. Leo asipoinuka mwenyewe, binti yake, aliyesimama mlangoni, atamhamishia kwake, na nyumba ya bibi yenye cherehani yake itafungwa.

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Leo mimi ndiye mgonjwa, bibi. Nifundishe."

Bibi, aliyewafundisha ushonaji wasichana wa nusu ya mtaa, akasafisha koo. "Rudisha miguu nyuma."

Daktari akaipeleka mbele.

"Nyuma, nimesema! Sasa inama, pua ipite magoti."

Daktari akajilaza kwenye kiti, akatazama dari.

"Wewe mtoto, masikio umeyaacha nyumbani?" Vidole vya bibi, vyenye sugu ya mkasi, vikaachia mkono wa kiti. "Hivi! Nitazame mimi, hivi!"

Daktari akaketi sawa, na ili amtazame alilazimika kuinua uso juu: bibi alikuwa wima. Binti akafungua mdomo. Daktari akamkonyeza anyamaze.

"Sijaona vizuri, bibi," akasema. "Hebu rudia."