Kidole Kilichoungua

Siku hizi wino wa kura hautoki kidoleni hadi uchaguzi mwingine, na rangi yake humtangazia kila mtu ulichochagua. Safari hii wananchi waliulizwa kama kura irudi kuwa siri: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana.

Mwanakheri alikuwa amemwapia mdogo wake Zuhura, aliyeachwa na mumewe kwa ajili ya rangi ya kidole tu, kwamba atachagua kijani. Lakini kituoni moyo ukamgeuka. Kura ikiwa siri, majirani atawajulia wapi? Akabonyeza hapana.

Mchana sinia la pilau liliwekwa mkekani. Wote wakanawa, isipokuwa yeye, mkono umezama ndani ya kanga.

“Mbona huli?” mama yao akauliza.

“Nimeungua kidole, mama.”

“Hebu nione,” Zuhura akasema, akainua upindo wa kanga. Akaona nyekundu. Akaufunika upesi.

“Masikini, kimeungua vibaya,” akawaambia wenzake.

Kisha akafinyanga tonge kwa vidole vyake, cha shahada kikiwa kijani kibichi, akamlisha dada yake kama mtoto.

“Kula, dada,” akamnong’oneza. “Kitapona uchaguzi ujao.”