Usiku wa Zamu ya Mbeyu

Mbeyu alitoka kwa karani wa mahakama akifuta wino kwenye kidole gumba, akakutana na Chiku mlangoni.

"Shikamoo, dada," Mbeyu alimwamkia mke mwenziwe, macho chini.

"Marahaba. Umekuja kumzika mume wetu?"

"Nimesema la kusema." Akajitanda leso, akashika njia.

La kusema! Chiku alilijua. Juzi tu Mbeyu aligombana na Mbwana kisimani, mbele ya watu: "Siku ukifungwa nitapika pilau!" Sasa Mbwana yumo rumande, anadaiwa kuchoma miwa ya tajiri mmoja huko Ramisi. Moto uliwaka usiku wa zamu ya Mbeyu. Mbeyu akikana kwamba mume alilala kwake, Mbwana amekwisha.

Mawakili wako Mombasa, na kesi ni kesho. Chiku hakujali. Tangu Uhuru alikuwa akisoma ngumbaru, darasa la watu wazima. Mkono wake ulimtosha kuandika ushahidi. Akaingia.

"Jina lako, unakokaa, na uliyoyaona kwa macho yako," karani alimwambia, akimsogezea karatasi. "Ya kuambiwa usiyatie. Na ukishaapa, mama, hakuna kurudi nyuma."

"Kwani mimi mtoto, bwana karani?"

Akaandika polepole, kila neno akilipima. Mbwana Salimu ni mume wangu. Usiku wa moto alilala nyumbani kwangu, Msambweni. Mlango niliufunga mimi. Hakutoka mpaka adhana ya alfajiri.

Kweli ni kwamba usiku ule alilala peke yake. Lakini bora yeye aulizwe na Mola kuliko Mbwana aozee jela kwa chuki ya mwanamke. Akashika Msahafu, akaapa, akatia saini.

"Haya, nisomee na ya yule," alisema. "Nisikie alivyommaliza."

Karani alikuwa amekwisha kukunja uso. Alivuta hati iliyokuwa chini ya mkono wake, akasoma kwa sauti ndogo:

"'Mimi, Mbeyu, naapa kwamba usiku wa moto nilikuwa na homa kali. Mume wangu alinikanda maji mpaka alfajiri, na jirani yangu Mwanarusi, aliyeniletea dawa, alimwona.'"

Kisha akaziweka hati zote mbili pamoja, akazibana kwa pini moja, ziende kwa hakimu.